Barabara Isiyoshika Theluji

Jalidi ya tatu ilianguka Jumanne. Jumatano asubuhi Avis Beal akavaa buti za mpira, akatia mkate na jibini mfukoni, akaingia msituni nyuma ya nyumba yake kuvunja ncha za msonobari. Hapa Hadlock hakuna anayegusa msonobari kabla umande haujaganda hivyo mara tatu. Ukivunja mapema, sindano zake zinapukutika kabla ya Krismasi, na mnunuzi wa Boston anakurudishia mashada yako ya kutundika mlangoni yakiwa na vipara. Baada ya jalidi ya tatu mti unayashika majani yake kwa nguvu zote. Hilo kila mtoto wa jimbo hili la Maine analijua. Anajua pia kwamba jalidi hiyohiyo inawaua kupe, na hili la pili si kweli, ila tumelirithi kwa babu zetu, nao hawakuwa na kupe wengi namna hii. Basi kuanzia siku hiyo watu huacha kuchomeka suruali ndani ya soksi, na jioni hawajikagui.

Avis hakuchomeka. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mjane, na kwa miaka thelathini alikuwa amevunja ncha nyingi kuliko mtu yeyote wa upande huu. Kisu hakitumiki. Mkono unashika tawi, gumba linasukuma, ncha inakatika. Unazipanga kwenye fimbo mpaka ijae, unaibeba begani kwenda nyumbani. Huko alizifunga kwa waya kwenye duara la chuma, shada moja dakika sita. Alipenda kusema kwamba mwili wake uliobaki kazi yake ni kuvibeba vidole tu, na hakuwa anatania sana.

Ijumaa, akioga, akamkuta kupe nyuma ya goti la kushoto, mdogo kama punje ya ufuta, ameshajishikiza. Akamng'oa kwa kibano, akamtupa chooni, akavuta maji. Kisha akarudi kwenye mashada yake.

Siku ya tisa aliamka na homa, shingo imekakamaa, kichwa kinamgonga. Akachukua kioo cha mkono akatazama nyuma ya goti kama kupe ameacha duara lake. Ngozi ilikuwa safi kabisa. Alipoingia jikoni kuchemsha kahawa ndipo alipoliona duara. Lilikuwa kwenye kitambaa cha meza, upana wa sahani, jekundu pembeni, limepauka kwa ndani, na katikati kabisa pana nukta nyekundu. Akaliwekea kiganja. Lilikuwa na moto sawasawa na paji la uso wake.

Alimwaga dawa ya madoa akasugua hadi kitambaa kikatoboka. Duara lilibaki kwenye mbao za meza.

Saa nne akaja wifi yake, Lorna, mke wa kaka yake Merle, kumletea roli la waya. Lorna hana tabia ya kubisha hodi.

"Wifi, na hiki nini mezani?"

"Kupe."

"Kupe gani mkubwa hivyo?"

"Aliniuma majuzi. Alama yake imetokea hapo."

Lorna akainama akaitazama vizuri, akaweka kikombe chake cha kahawa juu yake ili kisipoe. "Ndiyo yenyewe. Ya Merle ilikuwa hivihivi, ila yeye ilimtokea kwenye tako. Mchungaji alipokuja kumjulia hali hatukujua tumwoneshe nini."

"Walimpa dawa gani?"

"Doksi, siku ishirini na moja. Akapona, akarudia kulalamika kama kawaida yake. Nenda kliniki leo, wifi. Huu ugonjwa wa Lyme unaoletwa na kupe si wa kuuangalia angalia. Unaingia kwenye viungo, na wewe ukipoteza hivyo vidole tutakuweka wapi?"

Hilo ndilo alilokuwa akiliwaza Avis tangu alipoamka. Mama Thurlow wa kule darajani alicheleweshewa dawa miaka sita iliyopita, na mpaka leo hawezi kufunga kifungo cha gauni lake.

Merle akaitwa, akafungua miguu ya meza, wakaipakia ile mbao kwenye pikapu, wakaenda nayo kliniki. Kliniki yetu ni ya kampuni fulani yenye ofisi katika jimbo jingine, na daktari wake, Pruitt, ni wakuja, alikuwa na mwaka wa tatu hapa. Si mtu mbaya. Ana mikono safi, anasikiliza hadi umalize, na majira ya joto alicheza mpira na timu ya wazima moto, tukafungwa. Alimpokea Avis vizuri, akaizunguka ile mbao mara mbili.

"Meza nzuri," alisema. "Ya zamani?"

"Ya babu yangu."

"Na kwenye ngozi, je?"

"Kwenye ngozi hakuna. Limetokea hapo."

Daktari Pruitt akatoa fomu. Ilikuwa na picha ya mtu, mbele na nyuma, amesimama mikono wazi, hana nywele wala nguo, na chini yake imeandikwa kwamba duara lichorwe mahali lilipoonekana. Akaishika kalamu juu ya yule mtu kwa muda, akatafuta pa kuchora.

"Meza haimo," alisema, na ilionekana imemsikitisha.

Akamtoa damu. Jibu likarudi baada ya siku nne, safi. Chini ya karatasi kulikuwa na maandishi madogo yanayosema kwamba majuma ya kwanza damu inaweza kuonekana safi hata kwa mgonjwa. Avis akayasoma kwa sauti. Daktari akakubali kwamba ndivyo yalivyoandikwa. Ila kwa utaratibu wa kampuni, asiye na duara haruhusiwi kipimo cha pili wala dawa, na faili lake linafungwa.

"Sasa homa yangu mimi ni ya nini?"

"Inaweza kuwa uchovu. Umri pia. Novemba ni mwezi mgumu kwa watu wanaoishi peke yao."

"Siishi peke yangu. Nina mbwa."

Daktari akaandika kwenye faili kwamba ana mbwa.

Avis akavaa koti lake. "Nitarudi Jumatatu," alisema.

"Hakuna haja, Bi Beal."

"Haja ninayo mimi. Jumatatu."

Mbwa mwenyewe, Otis, akaanza kuchechemea juma hilohilo. Avis akampeleka kwa Hester Lunt, daktari wa mifugo wa mji jirani, mwanamke wa miaka sabini mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Hester akachukua tone la damu, akakidondoshea kile kidude chake cha kupimia, wakazungumza habari za bei ya nyasi. Dakika tano hazijaisha.

"Lyme," akasema Hester. "Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, mwezi mzima. Mfichie ndani ya jibini, la sivyo atakitema."

"Na mimi je?"

Hester akamtazama macho, kisha akatazama nje dirishani. Duara lilikuwa limekuja nao juu ya boneti ya gari, na theluji nyepesi iliyokuwa ikianguka iliyeyuka pale pale lilipokuwa. "Hilo hata kipofu atalipapasa," alisema. "Lakini wewe una miguu miwili, Avis. Nikikupa hata nusu ya kidonge, wananinyang'anya leseni kabla sijafunga mlango. Yeye ana bahati. Hana fomu."

Kila asubuhi Avis alikishika kidonge cha Otis mkononi. Tuseme ukweli, alikitamani. Kilikuwa dawa ileile, jina lilelile limeandikwa kwenye chupa, na siku nyingine alikitazama mpaka jibini ikalainika kati ya vidole. Lakini mbwa alikuwa mgonjwa mwenzake, na dozi ya mmoja haigawanyiki kwa wawili. Alikifunga ndani ya jibini akampa. Kufika Krismasi Otis alikuwa amepona, amenenepa, anakimbiza kunguru.

Duara nalo halikukaa ndani. Theluji kubwa ya kwanza ilipoanguka, mapema Desemba, lilitoka likaizunguka nyumba. Theluji ilijaa kila mahali hadi kwenye madirisha, lakini juu ya duara haikushika. Palikuwa na njia nyekundu, kavu, yenye joto, pana kiasi cha mtu kupita na toroli. Nukta ya katikati ilikuwa chini ya kitanda cha Avis, na hapo hakuhitaji blanketi. Kila juma duara lilisogea nje hatua kumi, baadaye hamsini, na upana wake ukaongezeka vilevile. Paka wa mtaa wakaja kulala juu yake. Lorna akaanika soksi. Mama wa posta akaomba radhi mara moja tu, siku ya kwanza, halafu akawa anapita hapo kila siku, maana barabara yenyewe ilikuwa barafu tupu.

Katikati ya Januari lilipita chini ya kanisa. Kwenye chumba cha chini, wanapopika maharage ya Jumamosi, lilikatiza sakafu kona hadi kona, na akina mama wakapanga vyungu juu yake. Maharage ya mwaka huo yaliiva vizuri kuliko ya mwaka wowote. Walimpelekea Avis chungu kizima na mkate wa mvuke, kwa sababu sisi si watu wasio na shukrani.

Avis aliyala kwa upande mmoja wa mdomo. Upande wa kushoto wa uso ulikuwa umelegea, jicho likakataa kufumba, akawa analifunga kwa plasta akilala. Goti lilivimba hata suruali hazikupita. Vidole vilikuwa vimeanza kukakamaa wiki ya mwisho ya mashada, kabla ya Krismasi. Shada la dakika sita likachukua ishirini, kisha arobaini. Oda ya Boston aliimaliza. Mashada mia mbili, na manane ya mwisho aliyafunga akivuta waya kwa meno. Hakuna hata moja lililorudishwa.

Na kila Jumatatu alikwenda kliniki. Alikuwa wa kwanza mlangoni, kabla ya Wilma wa mapokezi hajawasha taa.

"Avis, mpenzi, umekuja tena."

"Leo si Jumatatu?"

"Ni Jumatatu."

"Basi."

Daktari Pruitt alimwangalia kila mara, tena kwa makini, mgongo, mapaja, kwapa, nyuma ya masikio, akitumaini. Akaandika kwamba uso umelegea na goti limejaa. Alipiga simu kampuni mara mbili mbele yake kuomba ruhusa ya kipimo cha pili, na mara mbili sauti ya upande wa pili ikamuuliza kama duara limeonekana juu ya mgonjwa. Daktari mmoja wa mji mkubwa, mwendo wa saa mbili na nusu, alikubali kumwona bila fomu ile. Nafasi iliyokuwepo ilikuwa ya Agosti. Avis aliichukua hiyo Agosti, akaiandika kwenye kalenda, na Jumatatu iliyofuata akarudi kliniki palepale.

Ni Lorna aliyepata wazo la barua.

"Kampuni inataka duara, si ndiyo? Haya. Mji mzima umeliona. Tuandike, tutie saini watu wote, tuone watasema watu mia wote wana uchovu wa Novemba."

Akaiandika yeye mwenyewe, kwa herufi kubwa: *Sisi tuliotia saini hapa chini tumeliona duara la Avis Beal kwa macho yetu, na tunashuhudia kuwa ni lake.* Akatia saini ya kwanza. Hester Lunt akatia ya pili, akaongeza na muhuri wa mifugo. Kila mwingine aliyeulizwa alisema ataisaini kwa roho moja, tena kwenye mkutano wa mji Machi, ambako kila mtu huwapo, kuliko kuzungukazunguka na karatasi kwenye baridi. Ilikuwa ni busara, na Avis akakubali kungoja.

Kisha ikaja Februari.

Hatujawahi kuona Februari kama ile. Theluji ilianguka siku kumi na moja mfululizo. Merle ndiye aliyechaguliwa na mji kuzisafisha barabara, na mtambo wake wa kusukuma theluji ulivunjika siku ya tatu, ukatengenezwa, ukavunjika tena. Njia pekee iliyobaki wazi ni duara. Kwa wakati ule lilikuwa na upana wa lori na mzunguko wa maili moja unusu, linapita shuleni, kwenye duka la vyakula, kanisani, zimamoto, na nyuma kabisa linakatiza maegesho ya kliniki. Lori la mafuta ya kupashia nyumba joto likapita hapo. Basi la shule likapita hapo. Hakuna mzee aliyekufa kwa baridi ndani ya nyumba yake mwaka huo Hadlock, ila katika miji mingine wapo.

Watu wakajua vilevile jinsi barabara ilivyofanya kazi. Homa ya Avis ikipanda, njia ile nyekundu ilikauka kabisa. Ikishuka, ilipata utando wa barafu. Asubuhi moja basi la shule liliserereka hadi kwenye ua wa kanisa, na dereva akampigia Avis simu hapohapo.

"Avis, unaendeleaje leo?"

"Leo afadhali kidogo. Nimelala."

"Aaa," akasema dereva kwa unyonge. "Haya. Pole, au hongera. Tutafunga minyororo kwenye magurudumu."

Mkutano wa mji ulifanyika Jumamosi ya pili ya Machi, ukumbini, kama kawaida tangu mji uanzishwe. Kila mwenye kura anakuja, anakaa kwenye kiti cha kukunja, na mambo yote ya mwaka yanaamuliwa kwa kunyoosha mikono, kutoka mshahara wa karani hadi tairi za gari la zimamoto. Orodha ya mambo hubandikwa ukutani siku saba kabla. Kisichokuwa kwenye orodha hakijadiliwi, hata kama jengo linaungua. Msimamizi alikuwa Orrin Tibbetts, ameshika nyundo ya mkutano miaka ishirini na miwili, na hajawahi kumpendelea mtu, wala mkewe.

Jambo la thelathini na moja lilikuwa la Merle. Lilisema: kuona kama mji utapiga kura kulikubali duara la Avis Beal kuwa barabara ya mji.

Merle akasimama na kofia mkononi. Akaeleza kwamba barabara ile haihitaji mtambo, haihitaji chumvi, haihitaji mchanga, na msimu mzima haikupata shimo hata moja. Akasema yeye kama msimamizi wa barabara hajaona kitu kizuri namna hii, na anamshukuru dada yake. Watu wakapiga makofi. Avis alikuwa mstari wa mbele, mguu ameunyoosha juu ya kiti cha pili, barua iko mapajani.

Mchimba chaza mmoja wa huko ghubani akanyoosha mkono nyuma. "Swali tu, Msimamizi. Nauliza kwa nia njema. Hivi Avis akipona, barabara itabaki?"

Merle akaigeuza kofia mkononi.

"Sijui," akasema Merle.

"Haitabaki," akasema Avis. "Ni homa yangu. Homa ikiondoka inaondoka nayo."

"Nilikuwa nauliza tu," akasema mchimba chaza, akakaa.

Avis akasimama. Ilimchukua muda, na Lorna alipotaka kumshika akamsukuma mkono. "Ndugu Msimamizi, nami nina neno. Sina kinyongo na barabara. Piteni. Watoto wapite, mafuta yapite. Lakini nina barua hapa. Januari mlisema mtaisaini. Inasema tu mmeliona. Nyie mnalipita kila siku, mmepikia maharage juu yake. Nataka mseme hivyo kwenye karatasi, nipate vidonge vya wiki tatu kabla vidole vyangu havijafungika. Nalitoa duara kwa sharti hilo."

Aliinua mikono ili waione. Vidole vilikuwa vimejikunja kama vimeshika kikombe.

Orrin Tibbetts akasoma orodha juu hadi chini, akaigeuza, akaisoma tena. Kila mtu alijua anatafuta kwa moyo. "Barua haimo kwenye orodha, Avis. Siwezi kuijadili. Na sharti haliwezi kuongezwa kwenye jambo la thelathini na moja, kwa sababu jambo la thelathini na moja ni la barabara."

"Sikuomba ijadiliwe. Naomba isainiwe."

"Hilo ni jambo la kila mtu binafsi. Mkutano ukiisha."

Kura ikapigwa. Waliokubali walikuwa sitini na watatu, waliokataa tisa. Orrin akagonga nyundo, na duara likawa barabara ya mji.

Mkutano ulipokwisha Avis alikaa karibu na mlango, barua juu ya kiti, kalamu juu yake. Watu walipita mmoja mmoja wakivaa makoti. Walimwinamia, wakamshika bega, wakamuuliza goti. Mama mmoja alimpa boksi la keki. Wengi walisema wataisaini hakika, theluji ikishaisha. Mmoja alisema ameacha miwani nyumbani, nayo ilikuwa juu ya kichwa chake.

Wa mwisho alikuwa Merle.

"Kaka," akasema Avis.

Merle alikunja kofia yake, akaikunjua. "Mtambo bado haujatengamaa, dada. Wamesema Machi hii kuna dhoruba nyingine mbili. Kuna Bibi Faulkingham kule mwisho na ile mashine yake ya hewa. Subiri hadi barafu iyeyuke. Aprili, mwishoni. Nitakuwa wa kwanza, naapa."

"Uliumwa wewe, Merle. Unaijua."

"Naijua."

"Ulipewa dawa siku hiyohiyo."

"Nilipewa." Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyaficha. "Aprili, dada."

Ilimuuma Avis kuliko goti, na aliikumbuka siku aliyomshonea Merle glavu za kwanza, kwa vidole hivihivi. Hakumtukana. Lorna ndiye aliyemtukana mumewe, kuanzia mlangoni hadi kwenye pikapu, na maneno yake mengine hayaandikiki. Barua ilikuwa na saini mbili, moja ya wifi na moja ya daktari wa ng'ombe.

Jumapili Avis alishinda kitandani juu ya nukta, akifikiri. Otis alilala miguuni pake. Jioni akamwambia Lorna asije na gari kesho.

"Utaendaje sasa?"

"Kwa miguu."

"Maili nzima? Na goti hilo? Wewe umerukwa na akili?"

"Ni barabara ya mji, wifi. Mtu ana haki ya kutembea kwenye barabara ya mji."

Jumatatu saa moja asubuhi dhoruba ya kwanza ya Machi ilikuwa inaendelea. Avis alitoka na fimbo yake ya kubebea ncha, akaitumia kama mkongojo. Otis alitangulia. Aliingia kwenye duara nyuma ya ukumbi wa mji, akashika katikati kabisa ya barabara, akaanza kutembea. Hatua moja, fimbo, hatua nyingine. Pande zote mbili theluji ilikuwa ukuta wa kimo cha mtu, hapakuwa na pa kumpishia.

Gari la kwanza kumfikia lilikuwa basi la shule. Likapunguza mwendo, likamfuata. Nyuma yake likaja lori la mafuta, kisha mama wa posta, kisha pikapu ya Merle. Hakuna aliyepiga honi. Ungempigia honi vipi mtu aliye juu ya homa yake mwenyewe? Wakamfuata kwa mwendo wake, magari kumi na manne, taa zimewaka, na alipokuwa akisimama kupumua wote walisimama. Hakugeuka kuwatazama. Watoto ndani ya basi waliandika majina yao kwenye ukungu wa vioo.

Gari la saba lilikuwa la Daktari Pruitt. Anakaa upande wa pili wa mji, na tangu Februari hana njia nyingine ya kufika kazini.

Avis alifika kliniki saa tatu kasoro. Aliingia, akakung'uta buti, akakaa kwenye kiti chake. Wilma alimletea kahawa bila kuulizwa. Daktari alifika baada yake, akiomba radhi kwa kuchelewa, akapangusa viatu vyake mlangoni, na vumbi jekundu likabaki kwenye zulia. Akanawa mikono. Akamwangalia mgongo, mapaja, kwapa, nyuma ya masikio na nyuma ya goti la kushoto.

"Samahani, Bi Beal," alisema. "Sioni duara."

"Hapa umekuja kwa njia gani?"

Daktari akatazama dirishani, ambako magari yalikuwa bado yanapita, moja moja, kwenye barabara ile kavu. "Kwa barabara ya mji," alisema, akafunga faili.

Avis akainuka. Alijaribu kufunga vifungo vya koti, vya juu vikamkatalia, akakifunga cha chini kwa viganja viwili, kwa uvumilivu, hadi kikaingia. Akachukua fimbo yake.

"Jumatatu," alisema.

Amekwenda kila Jumatatu tangu hapo, katikati ya barabara, na sisi nyuma yake. Aprili imefika. Merle anasema barafu ya mtoni bado ni nene.